Nani Hula Faida Subaru Ikibomolewa Pipeline

Pipeline, mtaa wa Embakasi hapa Nairobi, hakuna uwanja. Anayetaka kubomoa gari auze spea aanze kwa kulijua hilo kabla hajashika spana. Ploti zimejengwa hadi ukingoni, ghorofa saba, nane na zaidi, na chini ya kila jengo kuna kinyozi, wakala wa M-Pesa, duka la gesi na mama mboga. Barabara ikibakiza nafasi ya mkokoteni na bodaboda, inatosha. Gari lisilotembea huko ni mzigo kuanzia siku ya kwanza. Keyateka atalalamika, mwenye duka atasema linamzibia wateja, na usiku wa tatu taa ya nyuma itakuwa imeng'olewa.

Mnyonge wa biashara hii hutokea hapo. Kijana aliyepata ajali kwenye Outer Ring, au ambaye injini yake ilikufa akirudi Embakasi, anajikuta na gari la thamani asilo na pa kuliweka. Broka anajua hilo vizuri kuliko yeye. Anakuja na bei moja ya gari zima, anaizungumza kama anayefanya hisani, na mwenye gari anakubali kwa sababu ya keyateka. Miezi miwili baadaye spea za gari lile lile zinauzwa Kirinyaga Road, kule tunakoita Grogan, na Industrial Area, kwa jumla ya pesa iliyozidi bei ile mara mbili au zaidi. Nimeona jambo hili likijirudia kiasi cha kuniudhi, na ninaamini linaweza kuzuiwa na mtu mwenye daftari, kalamu na subira ya wiki chache.

Nazungumzia hasa Subaru Impreza WRX, maana gari la mbio la kijana wa Eastlands ndilo hilo. Mapenzi haya yana historia. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliifikisha Subaru Vivio, kigari cha sisi (cc) 660, hadi mwisho wa Safari Rally, na Wakenya hawakumsahau. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari kwa Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Impreza, na Juha Kankkunen akafuata wa pili kwa gari kama hilo. Watoto waliosimama kando ya njia wakimezwa na vumbi walikua, wakapata kazi, wakatafuta gari lenye mlio ule. Mtafiti Mario Schmidt, aliyeandika kitabu kuhusu wanaume wahamiaji wa Pipeline, ameeleza jinsi wanavyobeba shinikizo la kuonekana wamefaulu mjini. Subaru yenye tundu la hewa juu ya boneti ni jibu mojawapo la shinikizo hilo, na ni jibu la gharama kubwa.

Soko la spea zake lina nguvu kwa sababu ya sheria. Kwa kiwango cha KS 1515:2000, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile wapenzi wanazozitaka, haziwezi tena kuja zikiwa nzima. Injini ya EJ20, iliyoanza na Legacy mwaka 1989, nayo imefika mwisho: Subaru ilitoa WRX STI, toleo kali zaidi la WRX, za kuiaga, magari 555 tu, na uzalishaji wake kwa magari ya Japani ukafungwa. Kwa hiyo kila Impreza inayogonga nguzo hapa Nairobi inapunguza idadi isiyoongezeka, na kila inayobomolewa inarefusha maisha ya nyingine kadhaa. Aliye na gari la kubomoa ameshika kitu ambacho watu wanakitafuta. Asiuze kama anayetupa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu ni za kuonyesha njia, msomaji aweke zake. Tuseme broka anakupa 200,000 kwa gari zima. Ukibomoa na kuuza kwa utulivu, spea zote zingeleta 520,000. Mtu akisikia hivyo anarukia kubomoa, na hapo anakosea kwa upande wa pili. Kati ya hizo 520,000, tuseme 350,000 zinatoka kwenye vitu vichache: injini na kompyuta yake, gia boksi na difu, turbo, taa za mbele, breki na habu zake, viti, na rimu. Hivyo vina wateja wanaongoja, na ukivitangaza vizuri vinaondoka ndani ya wiki tatu au nne. Zile 170,000 zilizobaki ziko kwenye milango, vioo, dashibodi, tangi, mota za madirisha na makorokoro mia moja ambayo mteja wake anakuja mmoja kwa mwezi. Ukilipa 10,000 kila mwezi kwa kona ya gereji, mwaka mmoja umekula 120,000. Umebaki na 50,000 kwa mwaka mzima wa kupokea simu za watu wanaouliza bei na kupotea.

Ndiyo maana nasema weka tarehe kabla hujafungua nati ya kwanza. Siku arobaini na tano, kwa mfano. Kinachobaki siku hiyo kiuzwe chote kwa mpigo kwa mwenye duka la spea, kwa bei atakayotoa. Yeye ana rafu na ana muda, wewe huna. Broka wa kwanza alitaka kukunyang'anya nyama. Huyu wa mwisho mwachie mifupa bila kinyongo.

Mahali pa kufanyia kazi pasiwe Pipeline. Kodisha kona kwa fundi mwenye yadi yenye ukuta, Industrial Area au Kariobangi Light Industries, na mwandikiane siku na malipo. Vitu vidogo vya thamani kubwa, yaani kompyuta ya injini, turbo, taa, swichi na saa za dashibodi, virudi nawe nyumbani jioni ile ile. Bedsita ya Pipeline haitoshi gari, lakini chini ya kitanda panaingia sehemu nzuri ya thamani ya gari hilo.

Sasa tuje kwenye kosa linalowagharimu wauzaji wengi bila wao kujua: kutenganisha vitu vilivyozaliwa pamoja.

Subaru ya magurudumu manne yanayovuta ina mgawanyo wa nguvu mbele na nyuma. Uwiano wa meno ndani ya gia boksi na uwiano wa difu ya nyuma lazima upatane. Kuna gari lenye 4.444, kuna lenye 4.111, na kwa nje gia boksi hizo zinafanana kama mayai. Mteja akinunua gia boksi kwako na difu kwa mwingine, zikatofautiana, mbele na nyuma vitavutana kila gurudumu linapozunguka, na kitu cha katikati kitaungua. Atarudi akisema ulimuuzia takataka, na hatakuwa amedanganya sana. Uza gia boksi na difu kama seti, andika herufi zilizo kwenye kibandiko cha gia boksi, zile zinazoanza na TY75 kwa gia tano au TY85 kwa gia sita, na udai bei ya seti. Fundi anayejua kazi yake ataongeza pesa kwa furaha, maana unampunguzia hatari.

Injini ni vivyo hivyo. Ukiing'oa EJ20 ukaiuza bila kompyuta yake, bila nyaya zake na bila ufunguo unaotambuliwa na mfumo wa kuzuia wizi, umemuuzia mtu chuma kizito chenye kazi ya mwezi mzima mbele yake. Katika Impreza zenye mfumo huo, kompyuta isiyoujua ufunguo haiwashi gari. Fundi asiye na subira hukata nyaya kwa koleo ili amalize mapema. Mzuie. Soketi zifunguliwe kwa vidole, kila moja ifungiwe karatasi yenye maandishi, na nyaya zikunjwe kama kamba. Nusu siku ya kibarua hapo inarudi mara kadhaa kwenye bei.

Breki ziuzwe na habu. Impreza nyingi zina rimu za tundu tano kwenye duara la milimita 100. STI za kuanzia modeli ya 2005 zina duara la 114.3. Mteja anayetaka kalipa za Brembo kutoka STI ya miaka hiyo lazima ajue rimu zake za zamani huenda zisiingie kwenye habu mpya. Mwambie kabla hajalipa. Kumwambia kunaweza kukupotezea mauzo ya leo, lakini soko la Subaru Nairobi ni dogo, watu wanajuana, na jina la muuzaji mkweli linasafiri haraka kuliko tangazo.

Kabla ya haya yote, lisome gari lenyewe. Ukifungua boneti, tazama juu ya mnara wa shoki ya mbele: kuna kibati chenye herufi za modeli, namba ya rangi na namba ya vitambaa vya ndani. GDA ni WRX ya kizazi cha pili. GDB ni STI. Herufi inayofuata, A hadi G, inaonyesha marekebisho ya kiwanda kwa miaka, na marekebisho hayo yanabadilisha taa, bampa na soketi. Piga picha ya kibati hicho na uiweke kwenye kila tangazo. Nairobi imejaa Impreza za sisi 1500 zilizovalishwa boneti ya tundu na nembo ya STI, na mnunuzi aliyeumwa na nyoka haamini maneno. Kibati kinaongea kwa niaba yako.

Upande wa mnunuzi nao una kazi yake. Neno «eksi-Japani», yaani spea iliyotumika Japani na kuletwa huku, limechoka. Fundi anaweza kusema, «Boss, hii ni eksi-Japani, haijafunguliwa,» huku rangi ya silikoni kwenye kingo za sampu ikionyesha ilifunguliwa mwezi jana. Omba oili imwagwe kidogo kwenye sahani nyeupe, uisogeze juani. Ukiona vumbi linalometameta kama unga wa shaba, beringi zimeanza kuliwa. Ondoka, hata bei iwe nzuri vipi. Turbo ishike kwa vidole viwili kwenye ncha ya mhimili wake. Ikicheza kidogo kulia na kushoto, hiyo ni kawaida ya beringi zinazoelea kwenye oili. Ikisogea kwenda mbele na nyuma mpaka uisikie, imekwisha. Kisha pitisha kidole kwenye kingo za mapanga: panga lililomegwa limemeza kitu, na kipande chake kilienda mahali. Injini ikiwa bado ndani ya gari, lipa fundi wako, si wa muuzaji, apime mgandamizo wa silinda zote nne. Namba moja moja hazikwambii mengi. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake inakwambia yote.

Kuna nozikati pia, zile nusu za mbele za gari zinazokatwa ng'ambo na kuletwa kwa kontena. Za Japani zinatufaa kwa sababu nao wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Za Falme za Kiarabu zinahitaji macho. Sharjah ni soko kubwa la spea zilizotumika na wafanyabiashara wetu huenda huko, lakini magari ya huko yana usukani wa kushoto. Injini na gia boksi zinaweza kufaa. Reki ya usukani na dashibodi haziwezi. Taa za mbele zinaingia kwenye mwili wa gari bila shida, na hapo ndipo hatari ilipo: mwanga wake umeelekezwa kulia, yaani machoni mwa anayekuja. Usiku kwenye Mombasa Road hilo ni suala la uhai.

Na kuna kitu kimoja ambacho hakipaswi kuuzwa kabisa. Mfuko wa hewa wa usukani, eabegi, hufanya kazi mara moja, na uzima wa ule uliong'olewa kwenye gari kuukuu hauwezi kujulikana kwa kuutazama. Mifuko ya kampuni ya Takata ya Japani ilirudishwa viwandani duniani kote, vichomeo vyake zaidi ya milioni 100, baada ya kugundulika kwamba kemikali iliyomo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikilipuka huvunja chuma chake na kurusha vipande usoni mwa dereva. Impreza na Legacy za miaka ile zimo katika orodha hiyo. Gari lililokaa Mombasa limekaa kwenye joto na unyevu huo huo. Ukimuuzia mtu eabegi kama hiyo umemuwekea bomu umbali wa mkono kutoka kifuani. Mikanda ya kiti iliyovutwa kwenye ajali ni vivyo hivyo. Imeshanyooka na haitashika mara ya pili. Ikatwe na itupwe.

Suala la karatasi ndilo linaloamua kama biashara hii itaheshimika. Kila mkazi wa Nairobi anajua simulizi ya kioo cha pembeni kinachoibwa asubuhi na kununuliwa na mwenyewe jioni. Aliyekinunua hakuwa na njia nyingine, lakini kila tunaponunua hivyo tunamlipa mwizi mshahara. Sheria haimwonei huruma mpokeaji: kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinampa anayepokea mali ya wizi hadi miaka 14 gerezani. Na chini ya sheria ya uuzaji wa bidhaa, asiye na haki juu ya mali hawezi kukupa haki hiyo, hata ukilipa bei kamili. Mwenye mali akiitambua injini yake ndani ya gari lako, inarudi kwake na pesa yako imekwenda.

Namba ya injini ya EJ imegongwa juu ya bloku, karibu na inapoungana na gia boksi. Namba ya chasisi iko kwenye ukuta kati ya injini na dereva. Zote mbili zimo kwenye logbuku. Muuzaji mwenye akili atampa mnunuzi wa injini barua moja fupi: jina lake, namba ya kitambulisho, namba ya gari lililobomolewa, namba ya injini, tarehe na saini, pamoja na nakala ya logbuku. Malipo yapite M-Pesa, maana ujumbe ule una jina na saa. Mnunuzi naye ataihitaji barua hiyo, kwa kuwa kubadilisha injini kunamlazimu kwenda NTSA, mamlaka inayosajili magari, kurekebisha taarifa za gari lake. Injini yenye barua na injini isiyo na barua ni bidhaa mbili tofauti, na bei yake isilingane. Wauzaji wanaolalamika kwamba wateja wanawabana bei wajiulize wanawapa wateja sababu gani ya kuwaamini.

Usisahau kinachobaki. Gamba tupu ni chuma chakavu, na biashara hiyo inasimamiwa na Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015. Mwezi Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha nchi nzima baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, na aliyekuwa na gamba yadini aliendelea kulilipia kodi hadi marufuku ilipoondolewa miezi kadhaa baadaye. Uza gamba kwa mwenye leseni na ubaki na risiti. Kabla ya hapo, angalia kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosti. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ambayo bei yake hupanda na kushuka vibaya. Mwaka 2021 rodi ilipita dola 25,000 kwa aunsi moja. Broka anayekuuliza «hiyo ekzosti unaitupa?» anajua jibu.

Na oili. Gari moja hutoa oili ya injini, ya gia, ya difu, maji ya breki na kipozeo cha rediata, madumu kadhaa yakijumlishwa. Mto Ngong unapita jirani, ukitoka Industrial Area na Mukuru, na mitaro yetu yote inaelekea huko. Nimeona fundi akifungua sampu juu ya mtaro mchana kweupe na watu wakipita. Dumu tupu halina gharama, na wapo wanaonunua oili chafu.

Kaunti ya Nairobi ingeweza kulimaliza tatizo kubwa kwa kutenga yadi moja Eastlands ya kubomolea magari: ukuta, sakafu ya saruji, tangi la oili, afisa wa NTSA wa kukagua namba, na ada ya siku. Mafundi wako tayari, wateja wapo, na kodi ingekusanywa bila kufukuzana na askari wa jiji kando ya barabara. Ni ombi ninalolileta kwa wawakilishi wa wadi za Embakasi Kusini, wanaoyaona magari haya kila siku nje ya ofisi zao.

Hadi hapo, mwenye Subaru iliyokufa afanye hivi wiki hii: apige picha ya kibati na namba zote mbili, aingie tovuti ya serikali ya eCitizen aanze taratibu za kuliondoa gari kwenye sajili ya NTSA, aandike orodha ya vitu vyake kwa seti, na ndipo apokee simu ya broka.